Kiliba kwa Kasi, Makobola kwa Hadhari

Barabara itokayo Uvira kwenda kusini haikupewa hiari ya kuchagua mahali pa kupita. Mkono wa kuume milima ya Mitumba imesimama wima, na mkono wa kushoto Ziwa Tanganyika limejikalia na kina chake, ambacho mahali pake pa chini kabisa hufika mita 1,470. Baina ya viwili hivyo umebaki ukanda wa ardhi ambao pengine hautoshi malori mawili kupishana, na katika ukanda huo ndimo watu walimojenga, ndimo walimopanda mihogo na michikichi, ndimo walimozika wafu wao, na ndimo inamopita Barabara ya Taifa Nambari 5 ya Kongo, ikiandama ufuo kijiji baada ya kijiji hadi Makobola, Swima, Mboko na Baraka. Mtu atakaye kujua pikipiki ni chombo gani namshauri aanzie hapo, ingawa mimi sikuanzia hapo.

Mimi nilianzia Nairobi, katika uwanja wa motocross wa Jamhuri Park, siku za ujana wangu, ambako nilifunzwa kuruka vilima vya udongo, kulalia kona, na kuanguka pasi na kuvunjika; na mapenzi yale, ambayo wazee wangu wa Tanga waliyahesabu kuwa ni maradhi, hayakupoa hata nilipooa na kuingia katika biashara ya vipuri. Biashara hiyo ndiyo iliyonipeleka Uvira katikati ya mwaka 2023. Mali ilitoka Dar es Salaam ikaja Kigoma, mwisho wa ile reli ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914, kisha ikavushwa kwa boti mpaka bandari ya Kalundu, na mimi nikapewa dhamana ya kukaa huko mwaka mzima, kuipokea, kuiuza na kupeleka hesabu. Pikipiki yangu, Honda XL 125 iliyokwisha kuchakaa rangi lakini haijachakaa injini, niliivusha pamoja na makasha ya cheni na spoketi, wala sikuona haja ya kumweleza tajiri wangu kwamba nusu ya furaha yangu ya safari ilikuwa imeegemea juu ya hiyo.

Uvira ni mji mrefu mwembamba. Huanzia Kavimvira, penye mpaka wa Burundi, ukateremka kandokando ya maji hadi Kalundu, na kwa kuwa hauna upana wa kumwezesha mtu kuzunguka, kila aendaye sokoni, msikitini, kanisani au hospitalini hupita njia ile ile, na njia hiyo ni ya motari. Ndivyo waitwavyo huko waendeshao pikipiki za abiria, ambao kwetu ni bodaboda. Husimama makundi makundi penye njia panda, kila mmoja juu ya TVS au Bajaj yake ya Kihindi, mguu mmoja chini na jicho kwa mama atokaye na kikapu, na mtu akiinua kidole tu huwa amekwisha kuletewa pikipiki tatu kwa mkupuo. Wachache miongoni mwao wana mali yao wenyewe. Wengi huendesha ya tajiri, wakampelekea hesabu yake kila jioni, na kilichozidi juu ya hesabu na petroli ndicho cha mke na watoto. Dhiki hiyo ndiyo inayowafanya wabebe mishikaki, baba na mama na mtoto katikati na kuku mkononi; na dhiki hiyo hiyo ndiyo inayowazuia kwenda mbio ovyo, kwa maana mbio hula petroli, hula tairi, hula cheni, na vyote hivyo hutoka katika mfuko wa mwendeshaji. Mimi niliyekuwa nikiwauzia hizo cheni nilimjua kila mtu kwa mwendo wake kabla sijamwona akiendesha. Mwenye papara alikuwa mgeni wangu wa daima, ilhali mzee mmoja wa Kalundu, ambaye habari zake zitakuja, alinunua kwangu spoketi moja tu kwa mwaka mzima, na hiyo nayo aliigeuza mkononi mara nyingi, akiyakagua meno yake moja moja, kabla ya kukubali kutoa fedha.

Jua humchomozea mwenyeji wa Uvira kutoka ng'ambo ya ziwa, juu ya milima ya Burundi, na kabla ya magharibi kuingia kivuli cha Mitumba kimekwisha kuufunika mji wote, huku Bujumbura ikionekana kwa mbali ingali ikimetameta. Hivyo siku ya kazi ya motari ni fupi kuliko ya wenziwe wa upande wa pili, na saa za jioni, ambapo nusu ya pikipiki hazina taa na nusu nyingine zina taa moja iliyofungwa kwa waya, mgeni afadhali akae kitako ale mukeke wake wa kuchoma. Nilikaa kitako mara nyingi. Mukeke wa Uvira, uliochomwa kwa makaa ukaletwa na ndizi na pilipili, ni hoja tosha ya mtu kuzifungia pikipiki mlango.

Mwaka ule Burundi ilikuwa imekaukiwa mafuta, na vituo vya Bujumbura vilikuwa na misururu ya magari yaliyolala barabarani yakisubiri. Basi Warundi wakawa wakivuka Gatumba na madumu yao ya manjano kuja kununua Uvira, na kadhafi, yule mwuza petroli wa kando ya njia mwenye meza, faneli na chupa zilizopangwa safu, akageuka kuwa mtu wa heshima ambaye salamu zake huitikiwa upesi. Petroli ya kadhafi haina cheti. Nilionyeshwa namna ya kuipima: hudondoshwa tone moja mgongoni mwa mkono, na iliyo safi huondoka mara moja ikaacha ubaridi na ngozi kavu, lakini iliyotiwa mafuta ya taa huacha utelezi na harufu inayokaidi sabuni, na mwenye kuitia hiyo katika injini ataona moshi, kisha atasikia injini ikikohoa mlimani, kisha atakuja dukani kuulizia plagi. Kuhusu malipo nako palikuwa na sheria zake. Faranga ya Kongo ilipokewa hata ikiwa imekunjamana na kupoteza pembe, lakini dola ilishikwa kwa ncha za vidole, ikainuliwa kuelekea kwenye mwanga, na ukionekana mpasuko mdogo tu hurudishwa kwa mwenyewe pasi na maneno.

Yote hayo yalikuwa ni siku za kazi. Jumapili ilikuwa ya Kiliba.

Kiliba iko kaskazini ya mji, katika uwanda wa Ruzizi, na ina kiwanda cha sukari kilichosimama tangu vita vya mwaka 1996, mabati yake yameliwa na kutu na majani yamepanda hadi madirishani. Lakini waliolipima shamba lake la miwa walikuwa watu wa mistari, nao waliacha nyuma yao barabara za udongo zilizonyooka, zikikatana kwa pembe za mraba, pasi na nyumba wala mti, mahali ambapo jicho laweza kumwona ng'ombe kabla hajafikiri kuvuka. Vijana wa uwanda, wa Sange, wa Luvungi na wa Kiliba penyewe, walikwisha kugundua kwamba mtu akichukua mistari minne ya aina hiyo akaizunguka, amepata uwanja wa mashindano usiodaiwa kodi na mtu. Hapakuwa na bendera, wala saa, wala mwamuzi isipokuwa mama mmoja mwuza mandazi aliyekaa penye kona ya mwisho, ambaye ushahidi wake juu ya nani alitangulia ulikubaliwa na wote kwa sababu ndiye peke yake asiyekuwa na ndugu katika mbio. Dau lilikuwa petroli. Matajiri wenye pikipiki walikuwa kanisani.

Nilipowaona mara ya kwanza nilistaajabu kwa mambo mawili yaliyopingana. Ushujaa wao ulikuwa mwingi mno, na elimu yao ya kona ilikuwa haba. Walikuja kwa kilomita tisini kwa saa juu ya mashine za kubebea magunia, wakafika penye pembe, na hapo, badala ya kumaliza kazi ya breki kabla ya kugeuka, walishika breki ndani ya kona yenyewe, na gurudumu la mbele likawaaga. Vumbi likitulia unamwona mtu ameketi katika miwa akiulizia kiatu chake. Basi nikawafunza niliyofunzwa Jamhuri Park. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa sababu chombo kinapozuiwa uzito wote hukimbilia mbele, lakini hutumiwa huku pikipiki ikiwa imesimama wima, na juu ya udongo mkavu hutumiwa kwa vidole viwili, taratibu, ikaachwa kabla ya kulala. Tena pikipiki iliyo katika kasi haigeuzwi kwa kuzungusha usukani kuelekea utakako: mtu aendaye kulia husukuma mbele mkono wa kulia, gurudumu likaelekea kushoto kwa nukta moja, chombo kikalalia kulia, kikageuka chenyewe. Jambo hilo halikuaminiwa. Mmoja aliniapia kwamba ameendesha tangu utotoni na hajawahi kufanya uzushi huo, na alikuwa akiufanya kila siku bila ya kujijua. Nilipomtaka aendeshe mstari ulionyooka akisukuma kwa kiganja kimoja kilichofunguliwa, alirudi amenyamaza, akamwambia mwenziwe ajaribu. Na la tatu, ambalo ndilo kubwa: macho. Pikipiki humfuata mwenye macho. Ukilitazama shimo utaingia shimoni, ukimtazama mama wa mandazi utamwaga mandazi yake, kwa hiyo kabla hujaingia kona kichwa kiwe kimekwisha kugeuka kutazama mahali unapotaka kutokea.

Kijana wa Sange ndiye aliyeshika mafunzo haya kuliko wote. Alikuwa mwembamba, mnyamavu, na alikuwa na sharti moja alilolishika hata pale wenziwe walipomcheka: mafuta hayatiwi mbele yake mpaka injini imezimwa, sigara imezimwa, na watoto wameondoshwa. Aliyekuwa mgeni aliambiwa sababu pembeni. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, watu wakalikaribia, na moto uliolipuka ukaua zaidi ya 230, wengi wao wakiwa katika vibanda walimokusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Kijana huyu alikuwa mtoto wakati ule. Baada ya kuambiwa hayo hakuna aliyemcheka tena, nami nilijikuta nikizima injini kabla hajasema.

Baada ya mbio, chini ya ukuta wa kiwanda, simu zilitolewa na mazungumzo yakahamia kwa wakubwa wa mbio. Walimjua Brad Binder wa Potchefstroom, Afrika Kusini, bingwa wa dunia wa Moto3 wa mwaka 2016, na walijua kwamba mwezi Juni 2023 huko Mugello, Italia, alifikia mwendo wa kilomita 366.1 kwa saa, ambao hapakuwa na mtu katika MotoGP aliyepata kuufikia kabla yake. Namba hiyo waliitamka kwa ukamilifu, pamoja na ile nukta moja. Waliokuwa wakubwa kidogo walikumbuka Welkom, Afrika Kusini hiyo hiyo, tarehe 18 Aprili 2004, siku Valentino Rossi alipoihama Honda iliyompa ubingwa, akapanda Yamaha iliyokuwa ikidharauliwa, na akashinda katika mashindano yake ya kwanza juu yake. Kisa hicho cha Rossi walikipenda kwa namna ya pekee, nadhani kwa sababu kila mmoja wao alikuwa akiendesha pikipiki iliyodharauliwa, na alitaka kusikia tena na tena kwamba aibu yaweza kuwa ya tajiri aliyeachwa.

Ni jambo la kufikirisha kwamba Kongo ilitawaliwa hadi 30 Juni 1960 na Ubelgiji, taifa la waendesha pikipiki. Herstal, karibu na Liège, ndiko zilikotoka pikipiki za FN, Saroléa na Gillet. Uwanja wa Spa-Francorchamps, ulipofunguliwa mwaka 1921, ulizinduliwa kwa pikipiki, magari yakangoja. Na katika mbio za matope na mchanga Wabelgiji wamewashinda wote, hata Stefan Everts peke yake akatwaa ubingwa wa dunia wa motocross mara 10. Wageni wengine walipita na kwenda zao: wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London Desemba 1934 juu ya Panther yenye kigari cha pembeni, wakavuka Sahara, wakaikata Kongo, wakafika Cape Town mwaka uliofuata. Lakini matope ya Kongo, ambayo kwa wingi na kwa uhodari yanayapita ya Ubelgiji maradufu, hayajatoa bingwa hata mmoja ambaye jina lake limeandikwa kombeni, na sababu si ukosefu wa mafundi. Mashindano yanataka mtu mwenye pikipiki isiyotakiwa kuleta hesabu jioni.

Hayo niliyaona wazi nilipokwenda Uganda mwishoni mwa mwaka kwa shughuli za duka, nikapata wasaa wa kupita Garuga, karibu na Entebbe, penye uwanja wa motocross kando ya ziwa Nyanza. Palikuwa na watoto wa miaka saba waliovaa kofia ngumu za thamani kuliko TVS mpya, na baba zao wakiwashikia miavuli. Waliendesha vizuri sana. Sina la zaidi.

Makobola nilipelekwa na yule mzee wa Kalundu, mwezi wa Machi 2024, mvua zikiwa zimekolea. Yeye alikuwa na kazi yake: kupeleka chumvi, sabuni na mama mmoja mfanyabiashara, na kurudi na mafuta ya mawese, nami niliomba ruhusa ya kumfuata, akakubali kwa sharti kwamba nisimpite. Kutoka Uvira hadi Makobola ni kiasi cha kilomita 15, mwendo ambao kijana wa Kiliba angeuona ni wa kuunguza mdomo kwa chai na kurudi. Ulituchukua asubuhi nzima.

Kwanza ulikuwako upakiaji, ambao mzee hakumwachia mtu. Gunia la chumvi lililala juu ya keria ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, zito chini na jepesi juu, likafungwa kwa vipande vya mpira vilivyokatwa katika matyubu ya tairi, vikavutwa mpaka vikalia. Sabuni zikaning'inizwa pande mbili kwa uzani ulio sawa. Mama akaketi baina ya mzigo na mwendeshaji, na mzee, baada ya kupanda, akaitikisa pikipiki kulia na kushoto huku akisikiliza, akashuka, akahamisha kipande kimoja cha sabuni. Spoketi ya nyuma, ile aliyoinunua kwangu, ilikuwa kubwa kuliko ya kiwandani, ili chombo kipoteze mbio na kipate nguvu. Shokapu zake zilikuwa zimeongezwa springi za pili. Nilitambua hapo kwamba kila marekebisho ambayo mtu wa mashindano huyafanya, huyu ameyafanya vilevile, kwa kuyageuza.

Kisha vikaja vizuizi, kamba iliyovutwa baina ya kiti na mti, na vijana wenye silaha ambao sare zao hazikulingana. Hapa faranga, pale sigara, kwingine salamu tu. Mzee aliwaamkia wote, aliwaulizia mama zao kwa majina, na injini aliizima mbali kabla hajaambiwa. Magari meupe ya Umoja wa Mataifa, ambao miezi ile ulikuwa ukifunga kambi zake Kivu ya Kusini, yalitupita yakielekea kaskazini.

Kabla ya Makobola kuna kijito kimoja ambacho wakati wa kiangazi mtoto hukiruka. Siku ile kilikuwa kimeshuka kutoka mlimani na mawe yake, kimelichukua daraja dogo, na watu walikuwa wamesimama pande zote mbili wakitazamana. Mzee hakutazama maji kwa muda mrefu. Alivua viatu, akamshusha mama, akaingia kwa miguu na fimbo, akaacha mahali palipokuwa laini na pazuri machoni, akapanda juu kidogo ambapo maji yalikuwa mapana yakipiga kelele juu ya mawe. Huko, alinieleza baadaye, maji yanayopiga kelele ni machache, na yaliyonyamaza ndiyo marefu. Alipotosheka alirudi, akawasha, akatia gia ya kwanza, akaishika klachi nusu, akapandisha moto wa injini ukalia kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, ili moshi utokao usukume maji yasiingie katika ekzosi, akaingia pamoja na gunia lake lote, mama akivushwa na vijana kwa mkono. Maji yalimfika kwenye vigingi vya miguu. Hakuyumba.

Ilipokuwa zamu yangu alisimama ng'ambo, akaweka mikono mdomoni na kunipigia kelele kwa Kiswahili chao: "Ndugu ya Tanzania! Usitazame mayi! Utazame huku, ile muti ya muembe!" Nilikuwa nimelipa fedha Nairobi kuambiwa maneno hayo. Niliutazama mwembe, na mwembe ukanivuta hadi ng'ambo. Kijana aliyenifuata aliyatazama maji, pikipiki yake ikalala, ikanywa, ikazimika, na mzee alimkimbilia si kwa kumwokoa yeye bali kwa kuuzuia mguu wake usipige kiki, kwa sababu maji yaliyoingia katika silinda hayashindiliki, na pistoni ikisukumwa juu yake mkono wa injini hupinda. Waliikokota hadi ukingoni, wakafungua plagi, wakaisimamisha juu ya gurudumu la nyuma mpaka ekzosi ikatapika, ndipo wakapiga kiki polepole, na maji yakaruka katika tundu la plagi yakaturoweshea nguo.

Wageni wa ziwa hili wamezoea kuwauliza wenyeji habari za maji yao. Burton na Speke walikuja Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji mwezi Aprili 1858 wakitaka kujua kama mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka, wakaambiwa na watu wa hapa kuwa unaingia, wakarudi bila ya kuuona. Na ilipofika Novemba 1871 Stanley na Livingstone walifika mtoni, wakatazama kwa macho yao, wakaona unaingia.

Makobola ilikuwa na soko siku ile, kwa hiyo palikuwa na mihogo, ndakala waliokaushwa, ndizi zilizoteremshwa mlimani, na mafuta ya mawese katika madumu, mekundu, yakinuka moshi wa jiko yalimopikiwa. Mzee aliiegesha pikipiki yake, akavua kofia, akatembea kwanza upande wa kaburi. Baina ya 30 Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999 watu wa hapa, mamia, wanaume kwa wanawake na watoto, waliuawa na askari wa vita vya miaka ile, na jambo hilo limeandikwa katika taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010, lakini hakuna aliyehukumiwa. Mzee hakunieleza chochote, wala sikumwuliza. Alisimama kiasi cha mtu kusoma Baba Yetu, kisha akavaa kofia yake na kwenda kupatana bei ya mawese, naye alipatana kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake, akitaja bei ya Uvira, bei ya Mboko, na bei ya wiki iliyopita, mpaka mwuzaji akacheka.

Tulikunywa chai. Nikamweleza, kwa kuwa niliona ni mtu wa kuelezwa, habari za Binder: kilomita 366 kwa saa, mashine ya silinda nne na sentimita za ujazo 1,000, breki za kaboni, goti likisugua lami. Alisikiliza kwa adabu, akakoroga sukari, akauliza:

"Anabebaka nini?"

Nikasema habebi kitu.

"Hata mutu moja?"

Hata mtu mmoja. Alitafakari, kisha akauliza kama barabara yenyewe ina mashimo, nikasema haina; kama kuna mbuzi, nikasema hakuna, wala magari yanayokuja, kwa maana wote huelekea upande mmoja. Hapo uso wake ulijaa huruma ya kweli, si kejeli, akasema kazi hiyo lazima iwe inachosha. Nimelifikiri neno lake mara nyingi tangu siku ile. Mimi, niliyeyapenda mashindano tangu utoto na ningali nayapenda, sijapata hoja ya kulipinga isipokuwa moja, kwamba mtu anayezunguka mahali pamoja hujifunza jambo moja kwa ukamilifu. Naye mzee, aliyekwenda na kurudi katika ukanda ule mwembamba tangu kabla ya vita, alikuwa amejifunza mambo mengi kwa ukamilifu huo huo, na tena alikuwa amefika mahali.

Mwezi wa Aprili ziwa liliinuka, kama lilivyoinuka mwaka 1964, likaingia katika nyumba za ufukweni na kuikata njia ya Kalundu, na makasha yangu ya mwisho yalipakuliwa na watu waliosimama katika maji ya kiunoni. Dhamana yangu ilikuwa inakwisha. Nauli ya kuirudisha Honda Kigoma ilikaribia thamani yake, nikatangaza kuiuza, na matajiri wawili wakaja, lakini niliyemwuzia ni kijana wa Sange, ambaye alikuwa ameweka akiba faranga kwa faranga ili apate chombo kisichodaiwa hesabu na mtu. Alipunguziwa bei, akaomba apunguziwe tena, akapunguziwa. Nilidhani ataipeleka Kiliba Jumapili ile ile, nikamwambia kwamba spoketi yake ndogo ya nyuma, niliyoiweka kwa ajili ya mistari ya miwa, itamfikisha kilomita mia kwa saa akilala juu ya tangi. Alinishukuru, akanilipa, akahesabu tena, akaiinamia pikipiki kwa muda. Kisha akaniuliza kama dukani imebaki spoketi ya meno mengi, ya aina ile ya mzee wa Kalundu, na kama namjua mchomeleaji wa keria aliye mwaminifu.